Mkwe na Gogo la Mpakani

Tulinagwe hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Hilo liwekwe wazi mapema, maana siku hizi huko Kinyala ukilitaja jina lake utasikia watu wakimsimulia kana kwamba alizaliwa amekunja ngumi. Si kweli. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu mpaka akakera. Ukiambiwa maji yanafunguliwa asubuhi na jioni, basi mchana hata umpigie magoti hafungui. Ndiyo maana Taifa lilimkabidhi koki kuu.

Taifa lenyewe ni hivi. Juu ya Kinyala, ukishapita mashamba ya chai na viazi, kuna bonde linaitwa Lusiba, migomba mitupu na ukungu, na watu wanaojuana mpaka kwa babu wa babu. Miaka michache iliyopita watu hao walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa lao, wakaomba, wakaimba, kisha wakatangaza kwamba wao ni Taifa la Lusiba, wenye ardhi ile tangu kabla ya mkoloni, kabla ya wilaya na kata, na kwamba kuanzia siku ile watajitawala. Tukuyu mjini watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini waliocheka hawakuwa wakiamka alfajiri kuchota maji ya tope huku bomba likiwa limesimama pale pale kijijini, kavu, limeshika kutu. Taifa lilishika majembe, likayaleta maji ya chemchemi hadi milangoni. Likachonga barabara, likajenga daraja la magogo. Baraza lake lilimaliza asubuhi moja kesi ya mpaka wa shamba ambayo kule chini wangeirithi wajukuu. Halafu likatoa vitambulisho vya uraia, picha ya mtu upande mmoja na mgomba upande wa pili.

Tulinagwe, binti wa kutoka Lupepo aliyeolewa Lusiba, alikula kiapo mbele ya watu wote akapewa chake. Alikivaa shingoni hata akienda kukata majani ya ng'ombe. Kwa mara ya kwanza maishani alijiona ni mtu wa mahali fulani, si mke wa fulani tu. Wanaomcheka kwa hilo hawajui raha ya kuulizwa maoni yako barazani ukiwa umezoea kuulizwa chumvi iko wapi.

Mkuu wa Taifa alikuwa baba mkwe wake. Jina lake yeye hakulitaja wala hajalitaja mpaka leo. Sisi halitubani, tunalitaja: Lazaro. Na sheria ya kwanza aliyoitunga Lazaro ilikuwa Sheria ya Heshima. Wazee wetu walikuwa nayo kama mila, kwamba mkwe haonani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, halitaji jina lake. Akisikia kikohozi chake njiani anajitosa kwenye migomba, anajifunika kitenge, anangoja apite. Mzee naye ana la kwake: akimwona mkwe anageuza uso na kumpisha. Mahali pengi mambo hayo yamebaki kwa bibi zetu, na wasichana wa sasa wanakula meza moja na baba wakwe na kuwatumia picha kwenye simu. Lazaro aliirudisha mila ile, akaitia meno. Aliagiza kwamba iwabane wazee wote wa rika lake, kwa kuwa rika moja ni baba mmoja, na kwamba mzee atakayekutana na mkwe ana kwa ana amepata unajisi, haruhusiwi kuketi barazani wala kumgusa mkwe huyo, mpaka achinjiwe ng'ombe wa kumtakasa, kila mzee na wake.

Wanawake walipiga vigelegele, na Tulinagwe alipiga kuliko wote. Aliona faida yake. Mkwe asiyeonekana hatumwi ovyo, na baba mkwe asiyesema nawe hawezi kukufokea. Mama mkwe wake, Atuganile, alimfundisha namna ya kujifunika, namna ya kuinama nyuma ya mgomba, namna ya kutuma neno kwa mzee na kupokea jibu. Wawili hao walipatana sana. Atuganile ni mmoja wa wale bibi ambao Kiswahili chao hakina herufi ya ra, na Tulinagwe hakuwahi kumcheka hata siku moja.

Basi mwaka huu, mvua zilipokolea, wilayani wakatuma taarifa kwamba wanakuja Lusiba kuhesabu kaya, kuchanja watoto na kuzungumza na viongozi. Lazaro akalitafsiri hilo kuwa ni uvamizi. Akatangaza mpaka umefungwa. Hakuna kuingia, hakuna kutoka mpaka mazungumzo yaishe, na raia atakayetoka kwenda kuomba huduma ya serikali katika kipindi hicho amejivua uraia, yeye na mlango wake wote, mume, mke na watoto, na shamba lake linarudi kwa Taifa. Watu walinyoosha mikono kukubali. Tulinagwe naye alinyoosha wake, nyuma ya ukuta wa mikeka waliowekewa wakwe mikutanoni, mtoto wake Lusungu akiwa mgongoni, mzima wa afya, anatafuna ndizi ya kuchoma.

Mpaka wenyewe ulikuwa darajani, maana mto ukishajaa hakuna pengine pa kuvukia. Waliweka pale gogo refu lililolala kukatisha barabara. Shina lake lilifungiwa mawe mazito, na ncha yake ilivutwa chini kwa kamba. Aliyeshika kamba ndiye aliyeshika mpaka. Akiachia, mawe yanashuka na gogo linapaa lenyewe. Mwanzoni kamba walipewa vijana, lakini Jumamosi ya kwanza tu vijana wote walikutwa wameteremka Kiwira kuangalia mpira, na kamba wameifunga kwenye kisiki. Lazaro alikasirika vibaya mno. Akawafukuza, akaweka wazee wa rika lake mwenyewe, watu wazima, watu wa kuaminika. Baraza lilipitisha jambo hilo, na hakuna aliyeona kasoro yoyote.

Lusungu alianza na kikohozi. Huko kwetu kwa baridi ile mtoto kukohoa si habari. Siku iliyofuata akapata homa, akakataa uji. Asubuhi ya pili Tulinagwe alimvua sweta akamwangalia kifua. Mbavu za mtoto zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Matundu ya pua yalikuwa yanapanuka na kusinyaa. Mtoto wa miaka mitatu, msema hovyo, anayemjibu kila mtu, alikuwa amelala tu anamtazama mama yake, hata kulia hawezi.

Akambeba mbio hadi Nyumba ya Afya ya Taifa. Pale alikuwepo Ackson, mtu wa Matwebe, aliyewahi kuuza duka la dawa kabla ya kuoa Lusiba. Ackson alikuwa na panadol, dawa ya mseto ya malaria, majani ya kujifukiza, na moyo mwema. Aliinamisha sikio kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu, akainuka bila kumtazama Tulinagwe.

"Mama Lusungu, hiki ni kichomi."

"Kitibu."

"Anataka sindano, na anataka hewa ya mtungi. Sina. Mimi hapa nimefika mwisho."

"Sasa nifanye nini?"

Ackson alichungulia nje kwanza. "Tukuyu," alisema kwa sauti ya chini. "Na usingoje kesho. Ila mimi sijakwambia."

Tulinagwe alirudi nyumbani akipita pembeni ya njia kama ilivyotakiwa. Mume wake, Wilson, hakuwepo. Baba yake alikuwa amemtuma Mbeya, kabla mpaka haujafungwa, kwenda kutengenezesha vitambulisho vipya vya plastiki ngumu. Alimpigia simu akiwa amepanda juu ya kichuguu cha nyuma ya zizi, mahali pekee penye mtandao.

"Hali ni mbaya, baba Lusungu. Anapumua kwa mbavu."

"Umempeleka kwa Ackson?"

"Ackson kashindwa. Nataka nimpeleke Tukuyu."

Upande wa pili yalisikika magari ya Mbeya. "Mtumie baba neno kwanza," Wilson alisema. "Akiruhusu, nenda. Bila ruhusa utatuweka pabaya, mama. Shamba lile ndilo tunalo."

Tulinagwe alikata simu. Alimpenda mume wake, lakini siku ile alitamani awe mume wa mwanamke mwingine.

Akamwita Atuganile. Mama mkwe alimwangalia mtoto mara moja, akajishika kichwa, akatoka kwenda kwa mzee kule darajani. Tulinagwe alikaa mlangoni, Lusungu kifuani, akisikiliza ile pumzi fupi fupi. Mvua ilikuwa imeanza tena. Alijikuta anapumua kwa nguvu yeye mwenyewe, kana kwamba angeweza kupumua kwa niaba ya mwingine.

Atuganile alirudi amelowa. "Amesema subili. Amesema Ackson alete mvuke, na mchungaji aje aombe."

"Mama, mwambie Ackson mwenyewe kashindwa."

Akaenda tena. Safari hii alikawia. Aliporudi alikuwa amelia. "Amesema hospitali za selikali zilimuulia mmoja, hatazipa wa pili."

Tulinagwe alilijua jambo hilo, kama Lusiba nzima ilivyolijua. Mmoja mwenyewe ni Jenifer, kitinda mimba wa Lazaro na Atuganile. Aliugua kifua akiwa msichana mdogo, zamani, kabla ya Taifa. Baba yake alimbeba mgongoni kwenye mvua hadi zahanati ya huko chini, siku ya Jumapili, akakuta mlango una kufuli. Aligonga mpaka mkono ukavimba. Jenifer alifia mgongoni kwake. Taifa zima lilijengwa juu ya kaburi la mtoto yule, na kila mwaka siku ya Taifa Lazaro alisimulia habari ya kufuli na watu wakalia. Tulinagwe naye alikuwa analia kila mwaka. Hakudhani hata siku moja kwamba kilio hicho kingekuja kumfungia njia.

"Mimi namchukua," Atuganile alisema ghafla. "Nipe mtoto. Mimi ni mke wake, watanifanya nini?"

Akamchukua Lusungu, akamfunika, akateremka. Tulinagwe alibaki amesimama katikati ya uwanja, mikono mitupu, na kila dakika ilikuwa inamla. Alikuwa bado amesimama pale pale Atuganile alipotokeza tena kwenye migomba, mtoto akiwa bado kifuani.

"Wamenishika mkono," alisema kwa aibu. "Lukasi na wenzake. Wamenigeuza kama ng'ombe, mwanangu. Hawapitishi mtu."

Tulinagwe alimpokea mtoto. Midomo ya Lusungu ilikuwa imeanza kubadilika rangi, ina weusi wa mbali. Akauliza, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua:

"Wako nani pale?"

"Wote. Lika lote la mzee. Na mzee mwenyewe ameshika kamba."

"Vijana hakuna?"

"Hata mmoja. Si amewafukuza?"

Tulinagwe akaigeukia njia ya darajani. Atuganile alimtazama, na polepole naye akaanza kuelewa, na uso wake ukajaa hofu. Rika lote. Kila mzee aliyesimama pale alikuwa, kwa sheria ya Lusiba, baba mkwe wa Tulinagwe. Waliweza kumshika mkono Atuganile. Waliweza kumshika mtu yeyote katika bonde lile. Huyu mmoja wasingeweza hata kumtazama.

"Mwanangu, usifanye hivyo," Atuganile alinong'ona. "Utalogwa na midomo ya watu mpaka ufe."

"Mama, mwangalie."

Atuganile akamwangalia mjukuu wake. Kisha akafanya jambo ambalo Tulinagwe hakulitarajia. Alinyoosha mikono yote miwili, mikono ile ile iliyomfundisha kujifunika, akamfungua kitenge kichwani. Akakizungusha mgongoni kwa Tulinagwe na kukifunga kwa nguvu, mtoto akabanwa kifuani kwa mama yake, nywele za mama zikabaki wazi kwenye mvua.

"Ee Kyala," alimwita Mungu. "Haya, kimbia."

Tulinagwe hakukimbia. Alitembea, na alitembea katikati ya barabara, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu sheria ipitishwe. Kila alipokaribia kona mwili wake wenyewe ulitaka kuruka pembeni kwenye migomba, na alilazimika kuuvuta urudi njiani. Aibu aliyoisikia haielezeki kwa mtu asiyelelewa kwayo. Ni heri angetembea uchi. Lakini kila akitaka kusimama aliisikia ile pumzi kifuani, fupi, inakwaruza, na mguu ukaenda mbele wenyewe.

Wazee walikuwa wameketi kwenye kibanda cha majani ya migomba, wanakunywa chai. Lukasi ndiye alimwona kwanza. Alikuwa ameinua kikombe, na juu ya ukingo wa kikombe macho yake yakamwona mkwe, kichwa wazi, uso mkavu, anakuja moja kwa moja. Mzee wa watu akapiga ukelele, akamwaga chai yote mapajani, akaruka mfereji na kuangukia kwenye majani ya maboga. Wa pili akageuka akagonga nguzo ya kibanda. Waliobaki wakasambaa huku na huko wamefunika nyuso kwa kofia na makoti, mmoja amejificha nyuma ya mti mwembamba usioficha hata mbuzi, wote wanapiga kelele kwa pamoja, "Mkwe! Mkwe njiani! Jamani mkwe!" Siku nyingine Tulinagwe angecheka mpaka akae chini. Siku ile hakuona cha kuchekesha. Alipita katikati yao macho yakiwa kwenye gogo.

Lazaro hakukimbia. Alisikia makelele, akaelewa, na akafumba macho kwa nguvu. Alibaki ameketi juu ya jiwe kando ya gogo, mkongojo miguuni, kamba ameizungusha kwenye ngumi. Kama hamwoni, sheria haijavunjika. Na kama hajaachia kamba, mpaka haujafunguka.

Tulinagwe alisimama mbele yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona kwa karibu. Alikuwa ni mzee tu, amelowa, shingo nyembamba, kope zinatetemeka kwa kubanwa.

Mzee hakuweza kusema naye, kwa hiyo akasema na gogo.

"Ewe gogo," alisema kwa sauti kavu. "Mwambie huyo arudi. Mwambie akivuka hapa si raia tena. Yeye, mume wake, na mlango wake."

Hakuwa amewahi kutoa sauti mbele ya mtu huyu. Akaligeukia gogo na yeye.

"Gogo," alisema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Gogo, mwambie baba, Lusungu anakufa."

"Gogo, mwambie tunaomba. Mwambie Mungu yupo hata Lusiba."

"Gogo, mwambie tumeshaomba."

Mto ulikuwa unanguruma chini ya daraja. Lusungu akakohoa, kikohozi kidogo kisicho na nguvu, na kope za mzee zikacheza. Hapo Tulinagwe akahisi hasira imempanda, hasira ya kweli, iliyoifukuza ile aibu yote.

"Gogo," alisema, sasa kwa sauti ambayo hata waliokuwa kwenye mifereji waliisikia. "Mwambie baba kwamba kila mwaka ananiliza na habari ya kufuli. Mwambie ile siku Jenifer alikuwa mgongoni kwake, na aliyekuwa na ufunguo hakutokea. Leo mtoto yuko kifuani kwangu. Kufuli ni hili hapa. Mwenye ufunguo ameketi, amefumba macho."

Tulinagwe alimwona mzee akikunja uso kama mtu anayebeba mzigo mzito. Akainuka polepole. Akageuka, akampa mgongo, akapiga hatua moja kuelekea kwenye mfereji, mkono ule wenye kamba ukabaki nyuma umenyooka, ngumi imekazwa, mishipa imesimama. Akakaa hivyo. Tulinagwe alidhani mzee hataachia, na akaanza kuinama ili apite chini ya gogo kwa magoti, mtoto amemshika.

Ngumi ikafunguka. Mawe yakashuka kwa kishindo, gogo likapaa.

Ng'ambo ya daraja ndipo alipokimbia. Mwenye bodaboda aliyekuwa amejikinga mvua kwenye kibanda cha kukusanyia majani ya chai hakuuliza nauli wala jina, alimtazama mtoto tu akawasha pikipiki. Waliteremka kwa kuteleza mpaka lami, na kwenye lami jamaa aliifungulia pikipiki mpaka Tulinagwe akawa anasali kwa sababu nyingine. Hospitalini alipokelewa na muuguzi anaitwa Marietha, mtu wa Kagera, mkali wa sura.

"Kadi ya kliniki iko wapi?"

Tulinagwe hakuwa na kadi. Alipapasa shingoni, akatoa kitambulisho cha Taifa chenye picha ya mgomba, akakinyoosha. Marietha alikisoma, akamtazama, akakisoma tena.

"Hii ni nchi gani, mama?"

Tulinagwe aliogopa kwamba sasa ndipo atakapoambiwa arudi kwao. Lakini Marietha alikuwa ameshamsikia mtoto anavyopumua. Alikirudisha kile kitambulisho shingoni kwa Tulinagwe kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akamchukua Lusungu, akapiga kelele waandae oksijeni.

Mpaka jioni haikujulikana kama mtoto atavuka. Tulinagwe alikaa sakafuni, miguuni pa kitanda, ameshika kidole cha mguu cha Lusungu, maana huko juu kote palikuwa na mipira na sindano. Asubuhi Lusungu alifumbua macho, akavua ule mpira wa pua, akasema anataka ndizi. Tulinagwe alilia kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakadhani kuna msiba.

Siku ya kuruhusiwa, Marietha akiwa anamwelekeza dawa, Tulinagwe alimuuliza neno lililokuwa limemkaa moyoni. Alimuuliza kama mtoto aliyechelewa zaidi ya Lusungu angepona.

"Wapo wanaokuja hali mbaya kuliko huyu wako, na wanarudi nyumbani wanatembea," Marietha alisema. "Wanaotushinda wengi ni wale ambao hawakufika kabisa. Anapeleka mahali, anakuta hakuna huduma, anakata tamaa, anageuza. Njiani ndipo tunapowapoteza."

Wilson alikuja kuwachukua, hajui aangalie wapi. Walipofika darajani gogo lilikuwa limesimama juu vile vile lilivyoachwa, kamba inaning'inia, hakuna mtu. Inasemekana hakuna aliyethubutu kulishusha, kwa kuwa aliyeliachia hakuwa ametoa amri. Kuhusu uraia wake, Tulinagwe alirudi akiwa tayari kwa hukumu, amefunga hata vyombo. Hukumu haikuja. Ili avuliwe uraia ilibidi baraza liketi, na baraza ndio wale wazee, na wazee wote walikuwa wamemwona uso. Kila mmoja alihitaji ng'ombe wake, na ng'ombe wa Lusiba wasingetosha hata wakichinjwa wote na ndama. Aliyebaki safi ni Lazaro peke yake, kwa kuwa alifumba macho, na baraza la mtu mmoja si baraza. Kesi hiyo haijasikilizwa mpaka leo. Watu wa wilaya walikuja, wakachanja watoto, wakazungumza, wakaondoka, na maji bado anafungua Tulinagwe, asubuhi na jioni.

Wiki ile ile ya kurudi, akiwa anatoka kwenye koki na Lusungu mgongoni, alisikia kikohozi anachokijua. Hakufikiri mara mbili. Aliingia kwenye migomba, akajifunika, akangoja kikohozi kipite. Hakikupita. Hatua zilisimama pale pale njiani. Akaona kwa upenyo wa kitenge kwamba mzee amempa mgongo.

"Mgomba," alisema Lazaro, "niulizie. Hospitali walisema ni ugonjwa gani?"

Tulinagwe alisita. "Mgomba, mwambie baba, ni kichomi."

"Na dawa ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani. Alipoendelea, sauti yake haikuwa ile ya siku ya Taifa.

"Jenifer naye kilikuwa kichomi. Siku ile, nilipokuta kufuli, alikuwa bado anapumua. Njia ya Tukuyu ilikuwa pale mbele yangu. Sikwenda. Nilikasirika, nikageuza kurudi nyumbani, akanifia njiani. Hilo sijawahi kulisema." Akavuta pumzi. "Mgomba, muulize. Yeye ameona huko. Kama ningeendelea, angepona?"

Tulinagwe alilijua jibu. Alikuwa nalo mdomoni, maneno ya Marietha yote, hayajapungua hata moja. Nyuma ya shingo yake Lusungu alikuwa anapumua taratibu, pumzi ndefu, za mtoto aliyeshiba. Mzee alingoja, mgongo umeinama, mkono umeshika mkongojo, na alingoja sana.

Tulinagwe akavuta kitenge, akajifunika uso, akanyamaza. Mkwe hasemi na baba mkwe. Ndiyo sheria ya kwanza ya Taifa, na mzee mwenyewe ndiye aliyeitunga.